Kabla ya kufuata kodi nafuu mji mdogo, pigeni hesabu ya mama pia

SAA kumi na moja alfajiri baba anatoka Mbagala, watoto bado wamelala. Akirudi saa tatu usiku, wamelala tena. Jumapili ndiyo siku pekee anayowaona wakiwa macho, na hata siku hiyo nusu yake inaishia kwenye kufua nguo na usingizi.

Kisha inakuja simu. Kuna kazi ya fundi mashine kwenye karakana ya kuchana mbao, Mafinga mkoani Iringa. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko wa Dar es Salaam, lakini kodi ya nyumba haifiki hata nusu. Kutoka nyumbani hadi kazini ni mwendo wa miguu.

Familia hii ni ya mfano, ila ziko nyingi zinazopokea simu kama hiyo: za mafundi, walimu, wauguzi, madereva na wahasibu wa kampuni ndogo. Baba anaona ahueni, lakini mama anajiuliza maswali. Nani atanunua vitumbua vyake kule? Mtoto wa darasa la saba itakuwaje? Bibi anayeishi Temeke na sukari yake, nani atampeleka kliniki?

Maswali hayo si ya kukatisha tamaa. Ndiyo yanayoamua kama kuhama kutaijenga familia au kuirudisha nyuma.

Kodi ni mwanzo tu wa hesabu

Wengi wanaohama hulinganisha kodi na mshahara wa baba, wakaishia hapo. Hesabu kamili inaanza na kipato chote cha nyumba.

Tuseme Dar es Salaam baba anapata Sh800,000 kwa mwezi na mama, kwa vitumbua na chapati anazouza karibu na shule, anapata Sh300,000. Jumla Sh1,100,000. Matumizi ni kodi Sh200,000, nauli Sh130,000, chakula Sh420,000, maji, umeme na gesi Sh90,000, shule na matibabu Sh120,000. Hiyo ni Sh960,000. Inabaki Sh140,000.

Mafinga baba atapata Sh650,000. Kodi iwe Sh90,000, nauli Sh30,000, chakula Sh330,000, maji, umeme na mkaa Sh80,000, shule na matibabu Sh80,000. Jumla Sh610,000. Maisha yameshuka bei kwa Sh350,000 kwa mwezi, kweli. Lakini mama akiwa hana biashara, kinachobaki ni Sh40,000 tu. Mji ni nafuu, familia ina fedha kidogo kuliko zamani.

Mama akianza kupata hata Sh150,000, nusu ya alichokuwa akipata mwanzo, inabaki Sh190,000. Hapo ndipo kuhama kunaanza kuwa na maana. Kwa hiyo swali la kwanza si kodi ya nyumba, bali ni mama atafanya nini, na itamchukua miezi mingapi kuanza.

Gharama ya kuhama hurudi lini?

Kuna fedha inayotoka siku ya kuhama. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye ana chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Kwa mfano huu, kodi ya miezi sita ni Sh540,000 na dalali Sh90,000. Gari la mizigo likiwa Sh900,000, familia inatakiwa kuwa na Sh1,530,000 mkononi kabla hata ya kununua unga.

Kodi ya miezi sita si hasara, kwani ingelipwa hata hivyo. Kinachopotea ni Sh990,000 za dalali na gari. Iwapo familia inaongeza akiba kwa Sh50,000 kila mwezi, yaani kutoka Sh140,000 hadi Sh190,000, itachukua karibu miezi 20 kuzirudisha. Mama akikaa miezi mitatu bila biashara, familia inapungukiwa Sh300,000 nyingine, ambayo ni miezi sita zaidi. Jumla inavuka miaka miwili.

Anayepanga kurudi Dar es Salaam baada ya mwaka mmoja hahitaji kuhamisha familia. Anahitaji chumba kimoja na begi.

Gari la mizigo ndilo eneo la kubana gharama. Malori yanayoshusha mbao Dar es Salaam yanarudi Mafinga, na mengine hurudi matupu. Dereva anayerudi bila mzigo anapatana kirahisi kuliko gari la kukodi kwenda na kurudi. Vitu vikubwa vilivyochakaa, kama kabati na makochi, mara nyingi ni nafuu kuviuza na kununua vingine kule, hasa kwenye mji wa mbao.

Kwa mtumishi wa umma hesabu ni tofauti. Anayehamishwa na mwajiri ana stahiki zake za uhamisho, wakati aliyeomba kuhama mwenyewe kwa kawaida hujigharamia. Ni vyema hilo lijulikane kwa maandishi kabla ya kufunga mizigo.

Mji unasimama kwa miguu mingapi?

Bei nafuu huwa ina sababu. Wakati mwingine ni kwa kuwa mashamba yako jirani na chakula hakisafiri. Wakati mwingine ni kwa kuwa kazi zimeondoka na watu wamezifuata.

Historia ya mkonge mkoani Tanga inalionyesha hilo. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na ilikuwa ikiongoza duniani. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni na uzalishaji ukaporomoka, miji iliyoishi kwa mashamba hayo, kama Korogwe na Muheza, ilipata pigo. Kahama nako mgodi wa Buzwagi ulimaliza uzalishaji wake mwaka 2021. Kahama haikufa, kwa sababu ilikuwa pia na biashara ya mpunga, barabara kuu na migodi mingine jirani.

Mji wenye miguu miwili au mitatu unamvumilia mgeni anapopoteza kazi moja. Makambako ni njia panda ya barabara ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya Njombe na Songea, na ina stesheni ya TAZARA. Kibaigwa wilayani Kongwa ina soko kubwa la mahindi na iko kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kwa hiyo ina ofisi za serikali, wasafiri na wakulima. Mafinga ina misitu ya kupandwa ya Sao Hill na chai ya Mufindi, na barabara kuu inapita katikati.

Kwa mama mwenye vitumbua, maana yake ni hii: mji wenye stendi, ofisi, shule na gulio una watu wanaokula nje ya nyumba asubuhi. Mji wa mwajiri mmoja hunywa chai siku ya mshahara.

Treni, baridi na mafuriko

Umbali nao una bei. Mafinga iko zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, na msiba mmoja wa ukoo unaweza kumaliza akiba ya miezi miwili kwa nauli za watu watano. Mwenye wazazi wazee Dar es Salaam huenda akafaidika zaidi na mji ulio kwenye reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Kilosa, kwa mfano, ina stesheni yake.

Hata hivyo, Kilosa ina somo jingine. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilileta mafuriko yaliyowaacha maelfu ya watu bila makazi na kuharibu reli. Nyumba yenye kodi ya chini kuliko zote mtaani inaweza kuwa ile ambayo maji huingia kila masika. Alama ya maji ukutani na jibu la jirani vinasema kuliko dalali.

Mafinga tatizo si maji, ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba familia iliyotoka Mbagala itahitaji masweta, blanketi nzito na mkaa wa ziada. Kwa watoto watatu hiyo si fedha ndogo, na kwa mwenye pumu ni jambo la kuzungumza na daktari mapema.

Shule haisubiri

Elimumsingi ya serikali haina ada tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado vipo. Uhamisho wa mwanafunzi huanzia kwa mwalimu mkuu, na kwanza ijulikane kama shule inayokusudiwa ina nafasi. Mzazi asimwondoe mtoto akitumaini kwamba mengine yatajipanga.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na watahiniwa husajiliwa mapema kwenye shule waliyopo. Kumhamisha mtoto mwaka huo ni kumvuruga bila sababu. Vivyo hivyo kwa darasa la nne, kidato cha pili na cha nne. Wakati mzuri ni likizo ya Desemba, mtoto aanze Januari pamoja na wenzake.

Kwa matibabu, mwenye bima aulize ni kituo gani mjini kinapokea kadi yake. Mgonjwa wa sukari, shinikizo la damu au selimundu ahakikishe dawa zake zinapatikana pale, si mkoani.

Siku tatu za kuutazama mji

Kabla ya kulipa kodi, baba na mama waende pamoja, angalau siku tatu, moja ikiwa ya gulio na nyingine ya kawaida. Wafikie gesti ya bei ya chini. Waamke alfajiri waone maji yanatoka saa ngapi bombani. Waulize muuza LUKU kama umeme hukatika mara kwa mara. Wanunue kilo ya mchele, mahindi, nyanya na maharage, waandike bei. Waende shuleni kwa miguu kutoka nyumba wanayoipenda, wakiwa na saa mkononi. Wapite kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa ndiye atakayewapokea na barua yao ya utambulisho, na ndiye anayejua mwenye nyumba gani hupandisha kodi kila mwaka.

Mama naye apike. Sufuria na jiko vinaazimika. Vitumbua vya asubuhi moja karibu na stendi vinatoa jibu ambalo hakuna ndugu wala dalali anayeweza kulitoa kwa simu.

Kwa familia ya Mbagala, hesabu hizi zinaelekeza njia moja. Baba atangulie, apange chumba kimoja, afanye kazi hadi Desemba. Mtoto amalize darasa la saba alipo, mama aendelee na wateja wake, na katikati afike Mafinga mara moja na unga wake. Bibi wa Temeke apatiwe mtu wa kumsindikiza kliniki kabla mizigo haijapakiwa, si baada ya sukari kupanda.

Miezi hiyo ya kutengana itakuwa migumu, na kuendesha nyumba mbili kunakula fedha, hivyo isizidi muda uliopangwa. Desemba ikifika na hesabu bado hazikubali, baba atarudi na begi lake, na kilichopotea ni kodi ya chumba. Zikikubali, Januari watoto wataanza shule mpya, na jioni saa kumi na mbili baba atakuwa ameshafika nyumbani, kabla hawajalala.