Sirapu ya mahindi inatisha TikTok, lakini soda yako ya Malaba je?

Umefika Malaba saa saba mchana. Jua linachoma, foleni ya malori imenyooka hata huoni mwisho wake, na koo limekauka. Unaagiza soda baridi ya nusu lita. Kabla hujaifungua, rafiki yako anakuwekea video ya TikTok: Mmarekani fulani anafoka kwamba soda imejaa sirapu ya mahindi, eti ni sumu inayonenepesha watu na kuharibu ini. Unaitazama ile chupa mara mbili. Unywe ama uache?

Nikupe habari njema kwanza, halafu nikuharibie siku.

Sirapu inayozungumziwa hujulikana kwa herufi HFCS, yaani sirapu ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Wanga wa mahindi huvunjwa kwa vimeng'enya hadi uwe glukosi, kisha kimeng'enya kingine hugeuza sehemu ya glukosi hiyo kuwa fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1984 Coca-Cola na Pepsi walikuwa wameikubali ichukue nafasi ya sukari katika soda zao za huko. Hakukuwa na njama yoyote. Marekani ina mahindi ya kumwaga, na ushuru na vikwazo dhidi ya sukari ya nje viliifanya sukari iwe ghali. Ilikuwa hesabu ya biashara tu.

Sasa lete hesabu hiyo Busia uone kama itakubali. Mahindi kwetu ni ugali. Mwaka wa 2017 unga ulipanda bei hadi serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili paketi ya kilo mbili iuzwe Sh90. Machi 2021 Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama hapa hapa mpakani, na baada ya siku chache marufuku ikalegezwa. Nani atathubutu kuchukua mahindi hayo ayageuze kuwa soda? Miwa nayo imejaa tele. Iko Nambale, iko Matayos, na ukivuka mpaka unakutana na sukari ya Kakira. Kwa hivyo soda za kawaida za hapa hutiwa sukari ya miwa. (Usidhani ni lazima itoke kwa mkulima wa Mumias. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiagiza kutoka nje sukari nyeupe ya viwandani.)

Kwa ufupi, kile Wamarekani wanakililia, wewe umekinywa tangu utotoni. Julai 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa Marekani, na siku chache baadaye kampuni ikasema italeta soda ya aina hiyo. Watu wakashangilia kana kwamba dawa imepatikana.

Hapo ndipo siku yako inaharibika. Sukari ya mezani ni glukosi nusu na fruktosi nusu. HFCS inayotumiwa zaidi kwenye soda ina fruktosi asilimia 55 hivi. Aina nyingine ina asilimia 42, chini hata ya sukari yetu. Tofauti ni kwamba katika sukari vitu hivyo viwili vimeshikamana, na utumbo wako unavitenganisha chapchap.

Hofu yenyewe ilitoka wapi? Mwaka wa 2004 watafiti George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin waliandika kwamba huenda HFCS inachangia unene Marekani, kwa kuwa viwili hivyo vilipanda pamoja. Lilikuwa wazo la kupimwa. Lilipopimwa halikusimama vizuri. Mwaka wa 2007 Kathleen Melanson na wenzake waliwapa wanawake 30 wenye uzito wa kawaida vinywaji vya HFCS na vya sukari. Insulini na homoni za njaa hazikutofautiana. Mwaka uliofuata chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kikasema HFCS haionekani kunenepesha kuliko sukari nyingine.

Lakini usisome hapo ukasema "basi sukari iko sawa". Mwaka wa 2009 Kimber Stanhope na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wenye uzito mkubwa walikunywa vinywaji vya fruktosi au vya glukosi kwa wiki 10, robo ya nishati yao ya kila siku. Waliokunywa fruktosi waliongeza mafuta ndani ya tumbo, yale yanayozunguka viungo. Fruktosi nyingi hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Ini halijali ilitoka kwa muwa au kwa gunzi.

Sisi tuna mazoea ya kuogopa kilichochanganywa na sukari na kuiachilia sukari yenyewe. Mwaka wa 2018, wakati wa msako wa sukari ya magendo, Waziri Fred Matiang'i alisema kuna iliyokuwa na zebaki na shaba, na nchi nzima ikatetemeka. Hata waliotetemeka waliendelea kutia vijiko vitatu kwenye chai.

Haya, rudi kwa ile chupa. Soda ya kawaida ya kola ina karibu gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 53, zaidi ya vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka wa 2015 sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Chupa moja, na umepitisha kiwango kabla ya chai ya jioni na mandazi.

Kama wewe ni wa boda hapa Busia, unayevuka mpaka kutwa na kujisukuma na chupa mbili au tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu, geuza chupa usome nyuma. Tafuta gramu za sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa mililita za chupa, gawanya kwa 100 upate gramu, kisha gawanya kwa nne upate vijiko. Nilifanya hesabu hiyo kwa chupa yangu nikiwa nimekaa kivulini nikingoja lori lisonge. Nikamwomba mama wa kibanda maji.