Baba Karudi kutoka Ng'ambo

Mfanyakazi anayepelekwa ng'ambo na kazi yake huagwa kwa shangwe na hupokewa kwa shangwe. Yaliyo katikati ya shangwe hizo mbili aghalabu hayazungumzwi, nami nisingeyazungumza kama yasingenifika mwenyewe.

Mimi ni fundi wa winchi za kupakulia meli. Mwezi wa Juni nilipelekwa Hamburg, Ujerumani, kwa majuma matatu, kujifunza matengenezo ya mitambo. Mji huo na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010. Ingawa uko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, ndiyo bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani, kwa kuwa meli huufikia kwa mto Elbe. Sitakuficha, msomaji: nilistarehe. Wenyeji wetu walikuwa wakarimu, kazi ilininogea, na jioni tulitembea. Iko njia iliyochimbwa chini ya mto ule na kufunguliwa mwaka 1911, mita 24 kwenda chini, ambamo mtu huvuka kwa miguu pasipo kulipa nauli, huku meli zikipita juu ya kichwa chake. Sisi tuliozoea foleni ya pantoni la Kigamboni tuliivuka mara tatu, na wala hatukuwa na haja yoyote upande wa pili.

Kilichonipoteza ni jua. Mwezi wa Juni jua la Hamburg huzama karibu na saa nne za usiku. Mtu hukaa kando ya mto akila samaki, akidhani bado ni alasiri, ilhali nyumbani, ambako saa zimetangulia kwa saa moja, watoto wamekwisha kulala. Juma la kwanza nilipiga simu kila jioni. Juma la pili nilipiga mara mbili. La tatu nilijiambia kwamba, maadam nakaribia kurudi, yote tutayazungumza uso kwa uso.

Siku ya kuondoka kila begi halikutakiwa kuzidi kilo 23. Nikavitoa vitabu vya mitambo nikavibeba mkononi, ili viatu vya watoto vipate nafasi. Tulipitia Frankfurt, tukaruka usiku kucha, tukashuka Addis Ababa alfajiri. Kutoka hapo ni takriban saa tatu. Nilikuwa nimeketi dirishani, upande wa kuume, na Kilimanjaro ulipojitokeza juu ya mawingu abiria wote walinyanyuka kutazama. Mimi ndipo moyo uliponienda mbio. Muda wote wa safari sikuwa na haraka, sasa nikaona ndege haiendi.

Walinijia wote uwanjani. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne, alinitazama kwanza kama anayemtazama mgeni, kisha akanirukia. Njiani, tulipopita chini ya daraja la Mfugale tukielekea Temeke, nilimwona amekonda, nikadhani ni macho yangu tu.

Pilau ilikuwa tayari, majirani wakaja, mabegi yakafunguliwa. Nilipotaka kuketi nikakuta kiti changu hakipo sebuleni. Nikauliza kwa mzaha kama kimeuzwa.

"Kiko chumbani kwetu, baba," akajibu kifungua mimba. "Mama alikuwa analala juu yake, siku zile mdogo wangu alipokuwa na homa."

Majirani walipoondoka nikaelezwa. Ilikuwa malaria. Usiku wa Alhamisi mtoto alizidiwa, mama yake akamfunga kwa khanga, akaita bajaji, akampeleka zahanati peke yake, huku wakubwa wamebaki na jirani. Nikahesabu siku. Alhamisi ile ndiyo tuliyokula samaki mtoni hadi usiku, jua likiwaka, simu yangu mfukoni.

"Mbona hukuniambia, mama?" nikauliza.

"Ningekuambia, ungekuja kwa miguu?" Hakusema kwa hasira. "Ulipopiga Jumamosi sauti yako ilikuwa ya furaha. Nikaona nikuache ufurahi."

Neno hilo liliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma. Ofisini nilipewa fomu ya ripoti: umejifunza nini, umetumia posho kiasi gani, utawafundisha nani. Niliijaza yote. Mahali pa kuandika nani alikesha ili mimi nijifunze hapakuwapo, wala sidhani patawekwa.

Mwakani huenda nikatumwa tena. Usiku mmoja tuliketi tukapatana kwamba nitapiga simu saa moja ya jioni, kwa saa za nyumbani, jua la huko liwe limezama au halijazama. Hilo mwenzangu alilikubali. Nikaongeza kwamba nisifichwe ugonjwa, hata kama siwezi kuja. Hilo hakulijibu, aliendelea kukunja mashati niliyorudi nayo.