Pembe ya baruti ya babu: kabla ya kuiuza, andika historia yake

RUNINGU, Uvira – Pembe ya ng'ombe si kitu cha kumshangaza mtu wa Runingu. Katika uwanda wa Ruzizi watu wanafuga ng'ombe tangu zamani, na mnyama akichinjwa, mara nyingi pembe zake hutupwa.

Lakini iko pembe moja ambayo mtu akiikuta katika nyumba ya wazee hafai kuitupa, wala kuiuza haraka. Ni ile ambayo upande wake mpana umezibwa kwa kibao, na upande mwembamba umetobolewa tundu na kuwekewa kizibo. Hiyo ni pembe ya baruti. Mwenye bunduki ya gumegume au gobore alibebea baruti yake humo, ili isilowe na mvua na isifikiwe na cheche.

Huko Marekani pembe za namna hii zinatafutwa sana. Watu wanazikusanya, wataalamu wanazichunguza, na vitabu vimeandikwa juu yake. Kando ya ziwa Tanganyika, ambako baruti ilibadilisha maisha ya vijiji vingi katika karne ya 19, pembe iliyobaki inaweza kuondoka nyumbani bila mtu hata mmoja kuuliza ilikuwa ya nani.

Kinachozitofautisha si uzuri wa pembe. Ni kwamba upande mmoja watu waliandika, na upande mwingine historia ilibaki mdomoni mwa wazee.

Wamarekani wanasoma nini kwenye pembe?

Pembe za Marekani zinazojulikana zaidi ni za vita vya katikati ya karne ya 18, wakati Waingereza na Wafaransa walipopigania Amerika ya Kaskazini kuanzia mwaka 1754 hadi 1763, na za vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783. Askari waliokaa kambini miezi mingi walichukua kisu au sindano na kuchora juu ya pembe zao. Waliandika jina la mwenye pembe, mwaka na jina la ngome. Wengine walichora ramani nzima, na mito, njia na nyumba zake. Baadhi ya pembe hizo zenye ramani zinatunzwa leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington.

Mwishoni mwa karne ya 19 mchoraji Rufus Grider alitembea kwa watu wenye pembe hizo na kunakili michoro yao kwenye karatasi, mamia kwa mamia. Mwaka 1945 Stephen Grancsay, mtaalamu wa silaha za kale katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, alitoa kitabu kinachoziorodhesha. Tangu hapo, mtu akipata pembe anaweza kulinganisha mwandiko wake na pembe nyingine, kisha akatafuta jina lililoandikwa katika orodha za askari wa wakati ule.

Kwa njia hiyo lilifufuka jina la John Bush. Alikuwa mtu mweusi huru wa Massachusetts, askari kando ya ziwa George, na mmoja wa wachongaji hodari wa pembe katika miaka ya 1755 na 1756. Mwaka 1757 ngome ya William Henry ilipoanguka, alitekwa, na hakurudi tena nyumbani. Watu wengi weusi wa enzi ile hawakuachiwa hata mstari mmoja katika vitabu. Bush anakumbukwa kwa sababu kazi ya mikono yake ilihifadhiwa na kuchunguzwa.

Pembe moja, maana mbili

Kutoka Massachusetts hiyohiyo, miaka iliyofuata, zilikuja meli hadi Zanzibar. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta kitambaa cha pamba, ambacho Waswahili walikiita merikani. Walileta pia bunduki na baruti.

Tarehe 21 Septemba 1833 Marekani na Sultani Said walitia sahihi mkataba wa biashara. Mkataba huo ulitaja baruti waziwazi: katika kisiwa cha Zanzibar, bunduki, baruti na risasi vingeuzwa kwa serikali ya Sultani peke yake, lakini katika bandari zake nyingine vingeuzwa bila kizuizi kwa yeyote mwenye kutoa bei kubwa. Mwaka 1837 Marekani ilikuwa tayari na konseli wake Zanzibar.

Kilichotafutwa kilikuwa pembe pia, lakini pembe za ndovu. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vyote viwili: pembe ya ng'ombe iliyobeba baruti, na pembe ya tembo ambayo baruti hiyo ilisaidia kuipata. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16, na nyingi zilifika katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, ambako viwanda vilizikata kuwa vitufe vya piano na vitana.

Njia ya biashara hiyo ilifika hadi hapa. Kutoka pwani ya bahari, misafara ilipita Tabora hadi Ujiji, kisha mitumbwi ikavuka ziwa. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta tayari ni kituo kikubwa cha wafanyabiashara upande wa kaskazini mwa ziwa, mahali pa kununulia pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti na vyuma. Miaka iliyofuata, watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walieneza nguvu zao kwa bunduki katika maeneo ya kaskazini mwa ziwa.

Ndiyo maana pembe ya baruti si pambo tu. Inaweza kuwa ya mwindaji aliyelisha jamaa yake. Inaweza kuwa ya mtu wa msafara aliyekuja kuteka watu. Inaweza kuwa ya yule aliyesimama kulinda kijiji chake. Kwa macho, pembe hizo tatu zinafanana. Ni historia ya mwenyewe peke yake inayoweza kuzitenganisha.

Kwa nini zilidumu muda mrefu

Ulaya na Marekani risasi za kisasa, zenye baruti ndani ya ganda, ziliondoa pembe kiunoni mwa wenye bunduki katika karne ya 19. Huku kwetu mambo yalikwenda tofauti. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ziwa Tanganyika lilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Ulichoruhusu, kwa masharti, ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Mtu mwenye bunduki ya namna hiyo aliendelea kuhitaji chombo cha baruti. Kwa hiyo pembe iliyo nyumbani inaweza kuwa ya wakati wa misafara, au ya wakati wa Wabelgiji.

Jinsi ya kuitambua

Si kila pembe ya kale ni ya baruti. Pembe ya kuumikia, inayoitwa chuku, ni fupi, upande mpana uko wazi ili ushike ngozi, na nchani ina tundu dogo la kuvutia hewa. Baragumu ina tundu la kupulizia, mara nyingi ubavuni, na mdomo wake mpana haukuzibwa. Pembe ya dawa mara nyingi ni ndogo, na hubeba mabaki ya dawa ndani yake.

Pembe ya baruti inahitaji pande mbili zinazofungika. Fundi aliichemsha pembe ili ilainike, akaikwangua iwe nyepesi, akaziba upande mpana kwa kibao na misumari midogo ya mti au ya chuma. Pembe iliyokwanguliwa vizuri, ukiinua kwenye mwanga, inaonyesha baruti imefika wapi. Tena, si wote walitumia pembe: wengine walibeba baruti katika kibuyu kidogo au chombo cha mti.

Wadanganyifu pia wako. Marekani kwenyewe wapo wanaochora mwaka wa zamani juu ya pembe isiyo na maandishi ili wapandishe bei. Mchoro mpya hujulikana: mistari yake ni mikali na misafi, wakati pembe iliyobebwa miaka mingi imelainika pale ilipogusana na mkono na nguo.

Hatari iliyo ndani

Baruti nyeusi haifi kwa sababu ya uzee. Ikiwa ilikaa pakavu, inaweza kuwaka hata baada ya miaka mia. Mtu akikuta pembe iliyofungwa na kusikia kitu kinacheza ndani, asiendelee kuitikisa, asichokonoe kizibo kwa msumari au kisu, asivute sigara karibu, na asiiweke jikoni. Iwekwe mbali na moto na watoto mpaka apatikane mtu anayejua kazi hiyo.

Kuandika kabla ya kusahau

Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za Congo. Anayetaka kutoa kitu cha kale nje ya inchi anapaswa kwanza kuwauliza wakubwa wa utamaduni. Mnunuzi anayetaka kitu kiondoke usiku, bila karatasi, anajua kwa nini ana haraka.

Hasara ya vitu kuondoka bila historia inaonekana hadi leo. Mwezi wa Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Congo orodha ya vitu yapata 84,000 vilivyo katika jumba la makumbusho la Tervuren. Kati yake iko sanamu ya jamaa ya Lusinga, sultani wa Watabwa, iliyochukuliwa na watu wa Kapteni Storms wa Mpala baada ya kumwua mwezi wa Desemba 1884. Sanamu hiyo inajulikana ilikotoka kwa sababu kuna aliyeandika. Kitu kisicho na karatasi ni vigumu kukidai.

Jamaa yenye pembe kama hiyo haihitaji makuta ili kuanza. Daftari na simu vinatosha. Ipigwe picha pande zote, ikiwa karibu na rula. Kisha yaandikwe majina: nani alikuwa nayo, wa kijiji gani, nani alimrithi, aliitumia kwa kazi gani. Mzee akisimulia kwa Kifuliiru, Kivira au Kibembe, maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyasema, pamoja na tarehe na jina la aliyeandika. Ikiwa wazee wawili wanatofautiana, yaandikwe yote mawili.

Pembe yenyewe isioshwe wala kupakwa rangi. Iwekwe mahali pakavu penye hewa, na ikaguliwe mara kwa mara, kwa maana wako wadudu wanaokula pembe.

Baada ya hapo, jamaa ikiamua kuiweka, kuipeleka shuleni au kuikabidhi kwa makumbusho, hiyo ni haki yake kuamua. Popote itakapokwenda, nakala moja ya daftari iende pamoja nayo, na nyingine ibaki nyumbani.