Kituo cha Haidrojeni na Tundu la Umeme

Je, wajua kwamba mdomo wa pampu ya haidrojeni, hata chini ya jua kali la California, mara nyingi hushikwa na barafu ukaling'ang'ania gari, hata dereva aliyekwisha kujaza mtungi wake kwa dakika nne akalazimika kungoja dakika nyingine kadhaa mpaka barafu iyeyuke ndipo aweze kuuchomoa? Si kasoro ya kiwanda wala taksiri ya mfanyakazi. Ni tabia ya gesi yenyewe, na mwenye kuifahamu sababu yake atakuwa amekwisha kufahamu nusu ya mambo yanayokifanya kituo hicho kiwe miongoni mwa vitu vigumu kabisa kujengwa kando ya barabara.

Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote. Kilo moja yake ina nguvu karibu mara tatu ya zile zilizomo katika kilo ya petroli, walakini kilo hiyo hiyo, ikiachwa huru katika hewa ya kawaida, hutaka nafasi ya zaidi ya lita 11,000, nafasi ambayo hakuna gari dogo liwezalo kuipata. Kwa hiyo hapana budi ishindiliwe. Toyota Mirai, iliyoanza kuuzwa Japani mnamo Desemba 2014, na ambayo toleo lake la pili hubeba kilo 5.6, huzihifadhi kilo hizo kwa shinikizo la baa 700, yaani mara 700 hivi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Madereva wa Dar es Salaam wanaopanga foleni ndefu kutia gesi asilia katika teksi na bajaji zao huijua kazi ya mtungi wa baa 200, na wameona jinsi mafundi wanavyouheshimu. Wa Mirai hustahimili shinikizo hilo mara tatu na nusu.

Sasa, kila aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli amehisi jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Haidrojeni nayo, ikisukumwa kwa haraka ndani ya mtungi, hupata moto vivyo hivyo, ilhali mtungi wenyewe, ambao umezungushiwa nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, hauruhusiwi kupita nyuzijoto 85. Lau gesi ingeingia na joto lake, ama mtungi ungeharibika, ama dereva angekaa pale nusu saa akiitia kidogo kidogo. Na kwa kuwa sifa kuu ya gari hili ni kujazwa upesi kama la petroli, wahandisi wakaamua kuipoza gesi kabla haijaingia, mpaka ifikie baina ya nyuzi 33 na 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo hupita katika mpira na katika mdomo wa chuma, unyevu wa hewa ukaganda juu yake, na magari matatu au manne yakifuatana bila nafasi, chuma na gari huwa kitu kimoja.

Mashine ya kupoza ni moja tu katika jamii kubwa iliyojificha nyuma ya ukuta wa kituo. Gesi aghlabu huletwa kwa lori lililobeba mabomba marefu ya chuma, na hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo, kwamba lori la tani 40 hivi hufika likiwa na haidrojeni ya kilo 300 hivi tu, uzito uliobaki ukiwa ni wa lori na chuma chake. Ndiyo maana wengine huona afadhali kuileta ikiwa kimiminika, jambo linalotaka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Huko Torrance, California, kilifunguliwa mwaka 2011 kituo kilichounganishwa moja kwa moja na bomba la viwandani, lakini si kila mji una bomba la haidrojeni chini ya barabara zake. Ikisha kufika, gesi huingia katika kompresa, na kompresa huisukuma katika matangi ya akiba yenye shinikizo lipitalo baa 900, kwa sababu gesi haiendi ila kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo. Magari machache yakisha kunywa, akiba hupungua nguvu, na wa nyuma hana budi angoje kompresa irudishe shinikizo. Kompresa hiyo ndiyo iuguayo mara kwa mara. Gesi hii nyembamba hupenya penye pengo lisiloonekana kwa jicho, hula mipira ya kuzibia, na baadhi ya vyuma huvifanya viwe vyepesi kukatika. Kituo kikifungwa kwa matengenezo, jirani yake yaweza kuwa umbali wa kilomita nyingi.

Tena gesi yenyewe lazima iwe safi kwa asilimia 99.97, kwa maana seli iliyomo garini, ile iunganishayo haidrojeni na oksijeni ya hewa ikatoa umeme na maji, hutegemea kichocheo cha platini ambacho hudhurika kwa chembe chache mno za monoksidi ya kaboni au za salfa. Asili ya seli hiyo si ya jana: William Grove, mwanasheria na mwanasayansi wa Wales, alionyesha kanuni yake mwaka 1839. Kwa sababu ya salfa hiyo hiyo, haiwezekani kuitia haidrojeni harufu kama itiwavyo gesi ya jikoni. Basi ikivuja haina rangi wala harufu, na ikiwaka mchana ndimi zake karibu hazionekani. Kituo huwekewa macho ya kielektroniki ya kuutambua moto ambao mwanadamu aliyesimama karibu hauoni. Rehema yake ni wepesi wake: ikipata njia, hupaa juu na kutawanyika kabla haijakusanyika.

Jioni ya tarehe 10 Juni 2019, katika kituo cha Kjørbo, Sandvika, karibu na Oslo, Norway, haidrojeni haikupata wasaa huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti za kizibo kimoja cha tangi la shinikizo kubwa hazikukazwa ipasavyo wakati wa kuunganishwa. Gesi ikavuja, ikachanganyika na hewa, ikalipuka. Hakuna aliyekufa, watu wawili waliokuwa ndani ya magari yaliyopita karibu walipelekwa hospitali, kwa kuwa mshindo ulifumua mifuko ya hewa ya magari yao. Lakini vituo vya nchi hiyo vikafungwa, na Toyota na Hyundai wakasimamisha kwa muda uuzaji wa magari yao ya haidrojeni huko. Boliti za kizibo kimoja zikasimamisha biashara ya nchi nzima, na sababu yake ni kwamba vituo vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole.

California ndiko mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa fedha nyingi na kwa nia njema. Aprili 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia sahihi amri ya kuanzisha "barabara kuu ya haidrojeni", kusudi ifikapo 2010 raia wa jimbo hilo waweze kupata gesi hiyo katika njia zake kuu. Mwaka 2010 ukafika, vituo vilivyo wazi kwa umma vikiwa vichache mno. Ikaja sheria ya mwaka 2013 iliyotenga hadi dola milioni 20 kila mwaka mpaka vituo vitimie 100. Hata mwaka 2024 vilikuwa havijatimia. Mnamo Juni 2019, siku chache kabla ya ajali ya Norway, mlipuko katika kiwanda kilichokuwa kikipakia haidrojeni huko Santa Clara uliwaacha madereva wa kaskazini mwa jimbo hilo wakihangaika kwa majuma kadhaa kutafuta gesi. Mwaka 2023 bei ya kilo moja ikapanda katika vituo vingi hadi dola 36, hata kulijaza gari dogo kukagharimu dola 200 hivi, na wanunuzi wa Mirai waliokuwa wamepewa kadi ya mafuta ya dola 15,000 wakaiona ikiyeyuka kabla ya wakati wake. Februari 2024 Shell ikavifunga moja kwa moja vituo vyake vya magari madogo katika jimbo hilo.

Ama gari la betri, lenyewe lilikuta nusu ya miundombinu yake imekwisha kujengwa na watu waliokuwa na shabaha nyingine kabisa, nao ni wale waliovuta nyaya za taa na pasi. Tundu la ukutani la volti 240 na ampea 13 hutoa kilowati 3 tu, kiasi kwamba betri ya uniti 60 itahitaji saa 20 kujaa. Lakini mwendo wa siku moja mjini hauli uniti 60, na gari hulala usiku kucha. Haidrojeni, kinyume chake, haikuwa na mahali popote pa kuanzia ila kituo kizima chenye kompresa, matangi na mashine ya baridi, ambacho gharama yake hupita dola milioni 2.

Shida ya umeme huanza pale msafiri anapotaka haraka. Kilo 5 za haidrojeni zikiingia kwa dakika 4, nguvu ipitayo katika mpira ule ni sawa na kilowati 2,500, ilhali chaja kubwa za kando ya barabara aghlabu hutoa baina ya kilowati 150 na 350. Na waya wake hupozwa kwa maji maalumu yapitayo ndani yake, kwa maana bila hivyo ungekuwa mnene na mzito kupita uwezo wa mzee kuuinua. Tena betri hupokea kwa pupa mwanzoni, kisha ikapunguza kasi ikisha kupita asilimia 80. Sheria ya Marekani ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya vituo kila kilomita 80 hivi katika barabara kuu, kila kimoja kikiwa na angalau chaja nne za kilowati 150. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Ohio mnamo Desemba 2023. Fedha ilikuwapo, na chaja zilikuwapo. Yaliyochelewesha ni vibali, zabuni, transfoma na kazi ya kuileta njia kubwa ya umeme mpaka mahali ambapo jana palikuwa na mgahawa na choo.

Hata hivyo hesabu ya nguvu iko upande wa betri, wala haina huruma. Kuitenga kilo moja ya haidrojeni kutoka katika maji huchukua uniti 50 hadi 55 za umeme, zikaongezeka nyingine za kuishindilia na kuipoza. Kilo hiyo humpeleka dereva wa Mirai takriban kilomita 100. Gari la betri la kadiri hiyo hiyo huenda kilomita 100 kwa uniti 20 hivi, pamoja na zinazopotea njiani. Kwa ufupi, mwenye haidrojeni huutumia umeme karibu mara tatu kwa safari ile ile, na aitengenezaye gesi hiyo kutokana na gesi asilia, kama ifanyikavyo kwa sehemu kubwa duniani hata sasa, huuacha moshi kiwandani akadai kwamba haupo. Mimi naona kwa gari dogo la mjini shauri limekwisha katwa. Kwa malori ya masafa marefu bado lina mjadala, na Ulaya imeagiza kwa kanuni ya mwaka 2023 kwamba ifikapo 2030 pawepo kituo cha haidrojeni kila kilomita 200 katika njia zake kuu. Tutaona kama malori yatakuja.

Kwetu Afrika Mashariki miundombinu hii imeingia kwa mlango wa pikipiki. Kigali na Nairobi, mwendesha bodaboda hafungi safari kungoja betri ijae. Huingia kituoni, akatoa betri iliyochoka, akapewa iliyojaa, akaenda zake kabla abiria hajakasirika. Hekima hii ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa teksi za umeme za New York zilikuwa zikibadilishiwa betri namna hiyo tangu mwaka 1897. Mabasi ya umeme ya Nairobi, kwa upande wao, huchajiwa usiku katika yadi zao, wakati mvuke wa ardhini wa Olkaria unapozalisha umeme ambao mji uliolala hauna haja nao. Na tangu mwaka 2023 Kenya imeweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi usiku. Mwaka huo huo nchi hiyo ilitangaza pia mkakati wake wa haidrojeni, na kwa busara shabaha yake ya kwanza ni mbolea.

Linalobaki kutusumbua ni tundu. Wajapani wana plagi yao iitwayo CHAdeMO, Wachina wana yao, Wazungu wana CCS, na Marekani imeigeukia ile ya Tesla. Na sisi tununuao magari ya mtumba hupokea kila kinachoshuka melini. Nissan Leaf iliyotoka Japani huja na tundu la kuchaji haraka ambalo wajenzi wa vituo vipya, hata huko Ulaya, wanaliacha. Basi ewe msomaji, ukienda yadi kutazama gari la umeme, usianze na rangi wala na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi: fungua kifuniko cha tundu lake, ukapige picha, kisha uende ukaulize katika mji wako ni kituo gani chenye waya wa kuingia humo.