Je, Wajua? Shule ya Bure na Mtoto wa Mtaa wa Mabanda

Je, wajua kwamba Kenya ilifuta karo ya shule za msingi Januari 2003, lakini katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Kibera na Mathare wazazi wengi wangali wanalipa? Shule za umma huko ni chache, na nyingi ziko pembezoni mwa mtaa. Hadi 2009, vijana wa Kibera walipoanza kujichorea ramani, mtaa wao ulikuwa doa tupu kwenye ramani nyingi. Patupu hapatengewi kiwanja cha shule.

Pengo hilo limezibwa na shule za mabati. Darasa na darasa hutenganishwa na ubao mwembamba, basi wa gredi ya tatu wanapiga hesabu huku wakisikiliza nyimbo za chekechea. Mvua ikipiga bati, mwalimu hunyamaza hadi ipungue. Mshahara wake hutoka kwa karo ya wazazi, si serikalini. Vibarua vikikosekana mtaani, naye hulala njaa.

Je, wajua kwamba serikali huitengea shule ya umma shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa msingi, kwa mwaka mzima? Gawanya kwa siku za masomo: haifiki shilingi 10 kwa siku. Ndiyo maana hata katika shule ya umma mzazi huambiwa habari ya "pesa za mtihani".

Na mgao huo umekuwa ukifuata cheti cha kuzaliwa. Mama aliyejifungulia nyumbani ana safari ndefu za kwa chifu. Wanubi wa Kibera, waliokaa hapo vizazi kadhaa, walihangaikia vyeti, na Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua mwaka 2011 kwamba Kenya imewanyima watoto wao haki, elimu ikiwamo.

Je, wajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule hadi shilingi 100,000, au kumfunga mwaka mmoja? Faini ya asiyejenga shule sijaiona mle.

Hata shule zilizopo si salama: Julai 2018, tingatinga za barabara mpya zilibomoa shule kadhaa Kibera.

Misaada nayo huwapita watoto wa shule za mabati. Sodo za bure, kwa sheria ya 2017, ni za wasichana wa shule za umma. Chakula cha mchana cha kaunti ya Nairobi, kilichoanza 2023, vilevile ni cha shule za umma: mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine, shilingi 5 zikakatwa, sahani ikajazwa. Wa shule ya mabati hana bangili.