Upepo Kwangu, Mzigo Kwako: Maandalizi ya Safari ya Baiskeli ya Watu Wawili

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilometa 560. Ukizigawa kwa siku sita, kila siku inabeba chini kidogo ya kilometa 95. Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kufanywa na anayepanga safari ya baiskeli ya kuchangisha fedha, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Akiona miguu yake inazimudu kilometa 95, anamtafuta mwenzake, anatangaza michango, na kuanzia hapo kila mmoja anafanya mazoezi kivyake kadiri anavyopata nafasi.

Mimi na wifi yangu tulianza hivyo hivyo. Tulitaka kuchangisha fedha za viti mwendo kwa watoto wa kitengo maalumu cha shule moja ya msingi. Baada ya miezi minne ya mazoezi na siku sita za barabarani, nimeamini kwamba safari ya wawili ina mwendo wake wa tatu. Si mwendo wa mwenye nguvu, wala si wa aliyechoka. Mwendo huo haumo katika mwili wa yeyote kati yenu mnapoanza. Lazima muutengeneze pamoja, na unachukua muda kuliko kuimarisha miguu.

Tuanze na upepo, kwa sababu ndiko tulikotofautiana kwanza. Anayeendesha kwenye tambarare hasumbuliwi sana na uzito wake. Anasumbuliwa na hewa. Nguvu za kuipasua hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo ukitoka kilometa 20 kwa saa ukaenda 25, nguvu hizo zinakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana mtu anayeona anaongeza kidogo tu ili amalize mapema, anajikuta amekwisha kabla ya saa sita mchana. Lakini hewa hiyo hiyo ina msaada wake. Anayekaa nyuma, gurudumu lake likiwa chini ya mita moja kutoka gurudumu la mwenzake, hupunguziwa kama robo ya kazi, na zaidi mwendo ukiwa mkali.

Mimi ni mzito na nina mapaja ya nguvu. Wifi ni mwepesi kuliko mimi kwa kilo 17. Katika mazoezi ya mwanzo, kwenye tambarare za Barabara ya Bagamoyo, nilikuwa namwacha, namsubiri chini ya mti, akifika tu naondoka tena. Yaani mimi niliyekuwa na nguvu nilipumzika, na yeye aliyechoka hakupumzika hata mara moja. Wiki mbili baadaye tulikwenda Kisarawe kupitia Pugu, na vilima vikageuza mambo. Kwenye mwinuko mwendo ni mdogo, hewa haina neno, na kila kilo ya mwili inalipiwa kwa jasho. Nikamwona wifi akipotelea kwenye kona ya juu huku mimi nikihema.

Siku hiyo ndiyo tuliyofanya mapatano yaliyotufikisha Moshi. Mimi nitabeba upepo, yeye atabeba mzigo. Pampu, tyubu za akiba, spana, viraka na gundi, dawa na nguo zetu zote zilikwenda kwenye keria yake, jumla kama kilo sita. Kwenye tambarare kilo sita hazimuumizi mtu aliyejikinga nyuma ya mwenzake. Kwenye mlima zinampunguzia mwendo kiasi cha kufanana na wangu. Watu wengi hugawana mzigo nusu kwa nusu wakidhani ndiyo haki. Nusu kwa nusu inaacha tofauti yenu palepale ilipokuwa.

Kukaa nyuma ya mtu, hata hivyo, hakuji kwa mapatano. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, unayeanguka ni wewe wa nyuma. Yeye huenda asijue. Hofu hiyo ni ya haki na haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Sisi tulikwenda Kigamboni alfajiri za Jumapili, kwenye barabara ya kuelekea Kimbiji yenye magari machache, tukaanza kwa kuachiana mita tatu. Kila wiki tulipunguza kidogo. Wa mbele alijifunza kutofunga breki ghafla na kutoacha kukanyaga pedali bila kutangaza. Wa nyuma alijifunza kutazama mgongo wa mwenzake badala ya kukodolea gurudumu. Kupokezana tulikufanya kwa saa ya mkononi, dakika 15 mimi mbele, dakika 5 yeye, kwa sababu anayengoja achoke ndipo apokewe amekwisha kuchelewa.

Kipimo cha kasi tulikipata kwenye salamu. Mazoezi ya safari ndefu yanahitaji sehemu kubwa ya muda uendeshe kwa kasi ndogo kuliko unavyodhani, ile ambayo moyo unafanya kazi lakini pumzi haikatiki. Kwa kasi hiyo mwili hujifunza kutumia mafuta yake na kutunza wanga, misuli huongeza mishipa midogo ya damu, na kesho yake unaweza kurudia. Basi kila tulipoanza kuona tunakimbizana, mmoja alimsalimu mwenzake. Habari za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje, na ile kesi ya kiwanja imefikia wapi. Kama jibu linatoka kwa neno mojamoja, mwendo ni mkali. Kama unaweza kujibu kwa sentensi nzima, mko sawa. Vifaa vya kupima mapigo ya moyo ni vizuri kwa mwenye navyo, lakini kifaa kinapima moyo mmoja, na salamu inapima miwili kwa pamoja.

Nilijifunza pia kuusikiliza ukimya. Jumamosi moja tukirudi kutoka Bagamoyo, baada ya saa nne hivi barabarani, wifi aliacha kujibu. Nikasema, "Wifi, mbona kimya?" Akasema, "Endesha tu." Nikadhani nimemuudhi, nami nikanyamaza. Tukaenda hivyo karibu kilometa kumi, kila mmoja na moyo wake, mpaka mkono wake ukaanza kutetemeka kwenye usukani. Tulisimama kwenye genge, akala ndizi mbivu mbili na soda, na baada ya robo saa alikuwa anacheka. Haikuwa hasira. Ilikuwa njaa.

Maelezo yake ni haya. Misuli na ini huhifadhi wanga wa kutosha saa mbili au tatu za kazi ya wastani. Ukiisha, sukari ya damu hushuka, na ubongo, unaotegemea sukari hiyo, ndio unaolalamika kwanza. Mtu anakuwa mkali, mnung'unikaji, mzito wa kuamua, kabla miguu haijakataa. Dawa ni kula kabla ya njaa, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, soda ndogo kama 35, na chapati inakaribia hapo. Huhitaji vyakula vya vifuko vya kigeni. Barabara yote ya Tanga na Kilimanjaro ina magenge. Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa, zaidi jua likiwa kali, lakini maji matupu ya siku nzima huzimua chumvi ya damu na yanaweza kumdhuru mtu kama kiu. Tulichanganya wenyewe kile wanachofundishwa akina mama kwa mtoto anayeharisha: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Na tuliweka sheria kwamba ugomvi wowote barabarani, kwanza tule. Ukibaki baada ya kula, hapo ni ugomvi wa kweli.

Juu ya ratiba sitakawia. Wiki 16 zinatosha kwa mtu mzima asiye na maradhi, na mwenye presha, kisukari au matatizo ya moyo aonane na daktari kabla ya kuanza. Siku mbili za katikati ya wiki, mazoezi ya muda wa saa moja, alfajiri kabla ya kazi. Jumamosi safari ndefu, ikianzia kilometa 40 na kuongezwa kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Kila wiki ya nne mnapunguza ili mwili ujijenge. Kuanzia wiki ya tisa, Jumapili nayo iwe na safari, maana kilometa 90 si kitu cha kuogopa. Cha kuogopa ni kilometa 90 juu ya miguu ya jana. Wiki mbili za mwisho punguzeni sana. Hapo ndipo wengi hukosea, wanataka kufidia walichokosa, na wanaondoka tayari wamechoka.

Maumivu mengi hutokana na baiskeli isiyomkaa mtu. Mafundi wetu hushusha siti ili mguu ufike chini, jambo zuri kwa mwenda sokoni, lakini kwa safari ndefu goti linalokunjwa kupita kiasi huanza kuuma mbele. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke, nyonga isiinamie upande. Kisha tumia giya nyepesi na uzungushe haraka. Hesabu mizunguko ya mguu mmoja kwa sekunde 15. Ukipata 20, goti lako liko salama zaidi kuliko anayekanyaga giya nzito mara 12. Wanawake wenzangu, tafuteni siti pana nyuma inayobeba mifupa ya nyonga, na mvae bukta yenye sponji bila nguo nyingine ndani yake. Mshono wa chupi ndio unaochubua. Juu yake vaeni stara mnayotaka, mradi isinaswe na cheni.

Tulichagua Julai kwa sababu mbili. Masika yamekwisha na joto la pwani limepungua; na ni msimu wa kusi, unaovuma kutoka kusini na kusini mashariki. Anayekwenda Moshi anaelekea kaskazini na magharibi, basi sehemu kubwa ya njia upepo humsukuma mgongoni. Watu walituambia tungetoka Moshi kuja Dar kwa kuwa ni mteremko. Moshi iko mita 800 na ushei juu ya bahari. Ukizigawa kwa kilometa 560 ni kama mita moja na nusu ya mteremko kwa kila kilometa, kitu ambacho mguu hauwezi kukihisi. Upepo wa usoni kwenye uwanda mkavu kati ya Mwanga, Same na Hedaru unahisiwa na kila mtu.

Kuhusu magari, tulipita Bagamoyo hadi Msata ili kukwepa malori ya Barabara ya Morogoro, lakini kutoka Msata hakuna njia ya kukwepa. Huendi sambamba na mwenzako mkiongea, mnafuatana. Wa mbele ndiye macho, anaonyesha shimo kwa mkono. Wa nyuma ndiye masikio, anapaza sauti, "Basi!" au "Lori!" Tulizoea maneno hayo hata yakawa yanatoka bila kufikiri. Mabasi mawili yakikutana mbele yenu, tokeni kwenye lami msubiri. Nasi hatukuendesha hata dakika moja baada ya jua kuzama.

Limebaki suala la fedha, nalo ni sehemu ya mazoezi ingawa wengi hawalioni hivyo. Njia iliyozoeleka ni kuomba ahadi kwa kila kilometa. Mimi naipinga. Ahadi ya namna hiyo inakaa kwenye goti la mtu. Mwenzako akiumia siku ya nne, kila kilometa mnayoacha mnaihesabu kuwa ni fedha mnazowanyima watoto, na mtu mwema atafunga bandeji aendelee mpaka aharibikiwe. Wifi ni mtu wa namna hiyo, nilimjua. Kwa hiyo tuliomba michango kamili kabla ya kuondoka, iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na gharama zetu za chakula na malazi tukazilipa mifukoni mwetu. Tukakubaliana kwa maneno ya wazi kwamba mmoja akishindwa, wote tumeshindwa, tunapanda basi, na hakuna atakayemuuliza mwenzake kwa nini. Sina shaka kwamba makubaliano hayo ndiyo yaliyomfanya aseme mapema, pale Mombo, kwamba mkono wake wa kushoto umekufa ganzi. Tulipumzika nusu siku, tukainua usukani kidogo ili kupunguza uzito kwenye viganja, tukaendelea.

Kwa hiyo ninyi wawili mnaopanga safari kama hii, wiki tatu kabla ya kuondoka fanyeni jaribio moja. Jumamosi nendeni Bagamoyo na kurudi na mzigo wenu wote. Jumapili, miguu ikiwa bado inauma, nendeni Kisarawe na kurudi. Kama jioni ile bado mnasalimiana, mmeiva. Kama kila mmoja ameingia kwake bila kuaga, ahirisheni kwa mwezi mmoja na muwaarifu waliochangia.