Kuruta Atakayeacha Kozi

Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo kijana wa Makunduchi, Unguja, aliyefaulu usaili anaweza kujikuta Shule ya Polisi Moshi, kwenye baridi ya Kilimanjaro, akipigishwa kwata tangu alfajiri. Wapo wanaoishia njiani. Je, dodoso la saikolojia lingewatambua kabla hawajapanda boti?

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1916 mwanasaikolojia Lewis Terman aliwapima akili waombaji 30 wa kazi za polisi na zimamoto huko San Jose, California. Mwaka 1943 likachapishwa dodoso la Minnesota, MMPI, ambalo matoleo yake yaliyorekebishwa hadi leo hutumika sana kuchuja askari Marekani. Lina mamia ya kauli za kujibu ndiyo au siyo, na viwango vyake vya mwanzo vilitokana na watu wa Minnesota, wengi wao wakiwa wamekuja tu hospitalini kutazama wagonjwa. Kauli moja inasema pepo wabaya humwingia anayejibu. Kwa Minnesota, ndiyo ni dalili ya kutia shaka. Kwetu Unguja, ambako ngoma ya pepo ni jambo la ukoo, kijana anaweza kujibu ndiyo na akawa mzima kabisa. Kulitafsiri dodoso hakutoshi. Lazima lipate viwango vya hapa.

Hata likivipata, hesabu inabana. Wanasaikolojia Paul Meehl na Albert Rosen waliionyesha mwaka 1955. Tuchukue mfano wa kubuni: kuruta 100, na 10 wataacha kozi. Kipimo kinawanasa 8 kati ya hao 10, lakini kinawashuku pia 18 kati ya 90 ambao wangehitimu. Walioshukiwa ni 26, na 18 kati yao tumewaonea. Mimi siwezi kukubali kumfungia mtoto wa watu mlango wa ajira kwa hesabu ya namna hii.

Halafu, kuacha kozi kuna sababu nyingi. Mmoja goti limeumia, mwingine mama kalazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, mwingine kapata kazi hotelini Nungwi. Dodoso la tabia litayajuaje hayo? Kwanza sababu ziandikwe, kwa kila anayeondoka, na wiki aliyoondoka. Kisha kuruta wote wapimwe siku ya kuripoti, majibu yafungiwe, mkufunzi asiyaone. Baada ya gwaride la kuhitimu ndipo yafunguliwe, yalinganishwe na orodha ya walioondoka, tuone kama dodoso liliwatambua.